Mkulima wa Nane

"Hayo mimi sijasema."

Mama Adelgunda hakuinua macho. Alikuwa amekaa juu ya jani la mgomba uani kwake Kimuli, kisu mkononi, akimenya ndizi za mchana. Binti yake, Sperancia, alikuwa kwenye kigoda mbele yake na kompyuta mapajani.

"Subiri mama, nisome tena. 'Mkulima wa nane, mwanamke, Kimuli. Baada ya kukata kila mgomba nachovya kisu changu kwenye maji ya jiki, kwa sababu najua ugonjwa husafiri na kisu.'"

"Jiki?"

"Ndiyo, jiki."

"Mwanangu, hata shuka zako za shule nilizifua kwa sabuni ya kipande. Jiki ya kuoshea kisu cha shambani ningeitoa wapi? Huyo mkulima wa nane ni mtu wa mjini."

Mama alicheka peke yake, akatupa ganda, akachukua ndizi nyingine. Sperancia hakucheka.

Maneno aliyokuwa akisoma yalitoka kwenye makala ya kisayansi kuhusu mnyauko, ugonjwa unaoozesha ndizi mkunguni na kumaliza shamba zima. Waandishi walikuwa wawili: Sperancia mwenyewe, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, na mchumba wake Cassian Kamugisha, mzaliwa wa Muleba, mwalimu wa chuo cha kilimo karibu na Kayanga. Sperancia alihoji wakulima wengi. Kimuli na sehemu ya Karagwe alimwachia Cassian, kwa kuwa aliona si sawa mtafiti kumhoji mama yake mzazi. Ila orodha ya namba walikuwa nayo wote wawili, na namba nane alikuwa mama.

Jarida lilikuwa limeikubali makala. Nakala ya mwisho ilifika Ijumaa, waandishi wakapewa wiki moja ya kurekebisha makosa madogo. Ikichapishwa, Sperancia angetimiza makala mbili zinazodaiwa na chuo chake, na Novemba angetetea tasnifu. Kabla ya hapo, Jumamosi iliyokuwa inakuja, ukoo wa Kamugisha ungefika Kimuli na mahari. Cassian ndiye aliyepanga mambo hayo mawili yafuatane.

"Sasa wewe ulimwambia nini, mama?"

"Nilimwambia kisu hakigusi ua. Ua dume la mgomba tunalivunja kwa mti wenye panda, unalinasa, unazungusha, linakatika. Kisu ndicho kinachobeba ugonjwa. Tena nilimwambia mara mbili, maana mvua ilikuwa inapiga bati hatusikilizani."

Sperancia alifunga kompyuta, akachukua vipokea sauti, akaenda chini ya mbuni ulio mwisho wa uwanja, mahali pekee pa nyumba ile panaposhika mtandao. Alikaa huko mpaka ndizi zikaiva na kupoa.

Makala ilikuwa na nukuu kumi na nne za wakulima. Alisikiliza rekodi zote. Nukuu kumi na moja alizikuta kama zilivyoandikwa. Tatu hazikuwemo: moja ya Kimuli, moja ya Kanoni, moja ya Rugera. Katika rekodi zote tatu, pale maneno yalipotakiwa kuwa, palikuwa na mvua ya Aprili ya mwaka uliopita juu ya mabati. Kisha akakagua orodha ya marejeo. Mawili hayakupatikana popote. Waandishi wake wapo na majarida yapo. Makala zenyewe hazipo.

Mwisho alifungua fomu ambayo Cassian aliijaza siku ya kutuma. Swali la sita liliuliza kama waandishi walitumia zana yoyote ya akili mnemba, na kama walitumia, waeleze kwa kazi gani. Jibu lilikuwa neno moja: Hapana.

Akapiga simu.

"Spera wangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Una dakika ngapi?"

"Kwako nina zote."

"Kumi zinatosha. Mkulima wa nane alisema nini?"

"Si mama yako huyo?"

"Namba nane, Cassian. Alisema nini kuhusu kisu?"

Upande wa pili mlango ulifungwa.

"Mvua ilikuwa kubwa. Sauti yake inakatika kila mahali. Niliandika nilichosikia kwa Kinyambo, penye mapengo nikaacha nukta, nikaipa akili mnemba itafsiri kwa Kiingereza na kunyoosha. Ikaleta sentensi nzima, safi kuliko zangu. Nilidhani imesikia nisichosikia."

"Uliipa sauti?"

"Hapana. Maandishi tu."

"Kwa hiyo ingesikia nini?"

Sperancia aliuliza kuhusu yale marejeo mawili, naye akakiri kwamba aliyaomba kutoka hukohuko na hakuyafungua. Akauliza kuhusu fomu.

"Nilihofia watatuchelewesha," Cassian alisema. "Nilitaka Novemba usimame utetee tasnifu ukiwa mke wangu. Ilikuwa zawadi, Spera."

"Zawadi yenye jina langu mwanzoni, na mama yangu ndani yake anasema asichokisema."

"Najua."

"Ingekuwa kuitumia tu, tungeandika mistari miwili, yakaisha. Mimi mwenyewe huitumia kukagua sarufi, na unajua. Wewe umenyamaza miezi mitano."

"Bado tuna wiki. Tunaondoa nukuu tatu na marejeo mawili kimyakimya, tunasema ni marekebisho ya lugha. Hakuna atakayejua."

"Mimi najua. Jumamosi usilete watu."

"Watu wameshaalikwa."

"Waambie mwaliko ulikuwa na makosa."

Akakata. Ilikuwa dakika ya tisa.

Mtu wa kwanza kuumia baada ya wachumba wenyewe alikuwa Deodatus, binamu yake Cassian na mshenga wa shughuli ile. Deodatus huuza mabati na misumari Kayanga, na huongea kwa namna ambayo mteja hununua misumari ili aondoke. Alikuwa ameshakodi magari, ameagiza rubisi, pombe ya ndizi, na ameandaa hotuba ambayo mke wake alikuwa ameisikia mara nne. Jumatatu asubuhi alipanda pikipiki mpaka Kimuli na kilo mbili za sukari. Alimweleza mama Adelgunda juu ya ujana, juu ya mapenzi, juu ya teknolojia inayowapoteza hata wasomi wakubwa, akarudia ujana. Mama alimwacha mpaka kikombe cha chai kikaisha.

"Deodatus, wewe ukiingia hapa, nani asiyejua umetumwa?"

"Wote wanajua, mama."

"Na ukituambia kwenu kuna ng'ombe sita, kumbe ni wanne, aibu ni ya nani?"

"Ya aliyenituma. Na mimi kidogo."

"Kidogo?"

"Na mimi pia, mama."

"Basi. Kijana wenu ametuma mshenga mwingine, hakutuambia kama amemtuma, wala hakusikiliza amesema nini huko. Mwambie arudi aniulize upya. Asije kama mkwe. Aje na kile kidude chake cha kunasa sauti, na aangalie mawingu kwanza."

Deodatus alimtumia Cassian ujumbe wa sauti wa dakika saba. Kilichohitajika kilikuwa katika nusu dakika ya mwisho.

Alasiri hiyohiyo Sperancia alimpigia msimamizi wake wa masomo. Msimamizi alimsikiliza, akamweleza hali ilivyo. Wakimwandikia mhariri ukweli wote, makala huenda ikasimamishwa na kuanza kuhakikiwa upya, na Novemba itakuwa imeondoka. Wakirekebisha kwenye nakala ya mwisho bila kueleza, itatoka mwezi ujao. Akasema uamuzi ni wao, na kwamba yeye angependa kusikia wameamua nini kabla ya Ijumaa.

Sperancia alirudi chini ya mbuni. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, na tasnifu hiyo ilikuwa imechukua sita kati ya hiyo. Alifungua nakala ya mwisho, akafuta nukuu tatu, akafuta marejeo mawili. Kwenye kisanduku cha maelezo akaandika "marekebisho madogo ya lugha". Hakubonyeza kutuma. Hakufuta pia. Jua lilipoanza kushuka ilikuwa bado pale, na alipokuwa akiingia jikoni kumsaidia mama alijisikia kama mtu aliyebeba kitu cha jirani mfukoni.

Jumanne Cassian alifika. Mawingu hayakuwepo, ilikuwa Julai, kahawa imeanikwa uwanja mzima. Kwa desturi ya nyumba ile mkwe mtarajiwa hakai chumba kimoja na mama mkwe, na mama, ingawa alisema asije kama mkwe, hakutaka kubahatisha. Alikaa ndani karibu na dirisha. Cassian alikaa nje chini ya dirisha hilo, kinasa sauti kikiwa kimewekwa kwenye kizingiti katikati yao. Sperancia alikuwa jikoni, akikoroga maharage yasiyohitaji kukorogwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umewasha?"

"Nimewasha."

"Uliza basi. Mkulima wa nane yupo."

Aliuliza kwa Kihaya, akajibiwa kwa Kinyambo, ambazo ni lugha za ndugu. Aliandika, kisha akamsomea mama alichoandika. Mama akamsimamisha.

"Hapo umeandika wakulima wote. Sikusema wote. Nimesema sisi wa mteremko huu. Wa ng'ambo ya mto siwajui wanavunjaje."

Akafuta, akaandika upya, akasoma tena. Mama akamtaka asome mara ya tatu.

"Hapo sasa ni mimi," alisema.

Cassian alishukuru, akazima kinasa sauti, akaaga. Hakuuliza Sperancia yuko wapi, ingawa moshi wa jikoni ulikuwa unamwonyesha. Akapanda pikipiki kuelekea Kanoni kwa mkulima wa pili kati ya wale watatu. Sperancia alimuuliza mama yake kwa nini hakumkaribisha hata maji. Mama alisema maji alikuwa amemwekea nje tangu asubuhi, na kwamba kijana aliyanywa yote, na kwamba mwenye maswali zaidi angetoka jikoni.

Jumatano saa nne na dakika kumi asubuhi ujumbe uliingia.

"Nimemwandikia mhariri. Nakala iko kwako na kwa msimamizi wako. Sikukuomba ruhusa kwa sababu fomu niliijaza mimi. Najua Novemba imeondoka. Nisamehe kwa hilo kuliko yote. Naenda Rugera kwa mkulima wa tatu, kazi nitaimaliza hata kama Jumamosi haipo."

Barua ilikuwa fupi, katika Kiingereza chake mwenyewe, chenye makosa mawili. Ilisema kwamba yeye, Cassian Kamugisha, alitumia akili mnemba kutafsiri na kunyoosha maneno ya wakulima bila kuyalinganisha na sauti. Kwamba nukuu tatu, akizitaja kwa namba, hazimo kwenye rekodi. Kwamba marejeo mawili hayapo. Kwamba kwenye swali la sita alijibu uongo, na mwandishi mwenzake hakujua. Kwamba anaomba makala isichapishwe ilivyo.

Sperancia aliisoma mara mbili akitafuta mahali ambapo amejitetea. Hakupaona. Akafungua ile nakala yake yenye marekebisho madogo ya lugha, akaifuta. Kisha akamwomba mama kanga ya kujifunga kichwa kwa ajili ya vumbi.

"Unakwenda wapi?"

"Rugera."

"Kumwambia nini?"

"Sijui bado."

"Basi chukua na sweta. Usiyejua utakachosema hujui utarudi saa ngapi."

Alifika Rugera saa nane mchana, nyusi zikiwa na rangi ya barabara. Cassian alikuwa uwanjani kwa mzee Ainebyona, mikono ya shati imekunjwa, akigeuza kahawa ya mzee kwa reki. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi akitafuna kahawa kavu, akingoja kuhojiwa, bila haraka ya kupoteza mfanyakazi wa bure.

"Umefuata nini huku?" Cassian aliuliza.

"Kuhakikisha hakuna mvua."

"Hakuna."

"Naona." Alichukua reki ya pili iliyoegemea ukuta, akaanza kugeuza upande wake. "Barua yako nimeisoma. Ina makosa mawili ya Kiingereza."

"Nilijua yatakuwepo. Sikutaka mtu mwingine aiandike."

"Nina jambo la kukuambia, na usinikatize. Jumatatu, baada ya kuongea na msimamizi, niliandaa nakala ya kimyakimya. Ileile niliyokukataza. Niliondoa nukuu, nikaandika ni lugha. Sikuituma, lakini mpaka leo saa nne ilikuwa inaningoja."

Cassian aliacha kugeuza.

"Kwa nini unaniambia? Nisingejua kamwe."

"Ndiyo maana. Ungeoa mtu usiyemjua."

"Kwa hiyo bado naoa?"

Sperancia alitazama kahawa. Alikuwa mtu wa kupima neno kabla ya kulitoa, na hilo lilikuwa limemponyoka.

"Sikukusudia kulisema kwa mpangilio huo."

"Mimi mpangilio huo naupenda."

"Umenikosea, Cassian. Na mimi siku mbili nilikuwa nakosea kosa lako huku nikikusuta. Sitaki tuishi hivyo. Ukitumia kitu kuniandalia jambo, niambie. Ukishindwa kusikia, sema hukusikia. Mimi nitafanya vilevile."

"Nitakuambia."

"Hata kama ni zawadi."

"Hasa kama ni zawadi."

Mzee Ainebyona alitema ganda la kahawa.

"Waitu," alisema kwa heshima yote, "mkimaliza kuposana mniulize. Nina mbuzi wa kufunga."

Wakacheka, na Sperancia alicheka mpaka akashika reki kwa mikono miwili. Walimhoji mzee pamoja. Cassian aliuliza, Sperancia aliandika, mzee akasomewa kila mstari. Ikabainika kwamba yeye huvunja ua dume kwa mkono mtupu na amefanya hivyo maisha yake yote, na kwamba mashine ilikuwa imempa glavu.

Alhamisi mhariri alijibu. Aliwashukuru kwa kuandika kabla ya kuchapishwa, kisha akaondoa kibali cha makala. Wangeweza kuituma upya ikiwa na nukuu sahihi na maelezo kamili ya zana walizotumia, nayo ingehakikiwa mwanzo hadi mwisho, bila ahadi yoyote. Novemba ilikuwa imeondoka kweli. Sperancia alimpigia msimamizi kumwambia, na msimamizi akasema atalipanga jina lake kwa mwaka unaofuata, na kwamba barua ya Cassian ameihifadhi ili awasomee wanafunzi wapya.

Siku hiyohiyo walikaa Kanoni kwenye mgahawa mmoja, sahani ya ndizi na maharage kati yao, wakaandika maelezo hayo kwa pamoja. Walitaja akili mnemba kwa jina la programu, kazi iliyofanya, na nani alikagua. Kwa tafsiri waliitumia tena, mchana kweupe, sentensi moja moja, rekodi ikiwa sikioni. Mti wenye panda wa mama Adelgunda programu iliugeuza kuwa kisu maalumu.

"Inapenda kumpa mama yako visu," Cassian alisema.

"Rekebisha. Kabla hajasikia."

Deodatus alipopigiwa simu kwamba Jumamosi ipo, alijibu kwamba yeye hakuwa amefuta chochote. Alisema biashara ya mabati imemfundisha kutofuta oda kwa simu moja ya mteja mwenye hasira.

Makala ilitoka mwaka uliofuata, baada ya kuhakikiwa na watu wawili waliouliza maswali magumu. Jumamosi ile hakuna aliyejua kama ingetoka. Wageni walifika Kimuli saa tano, wamechelewa kwa saa moja tu, rubisi kwenye madumu, akina mama wa Muleba wamevaa sare. Deodatus alitoa hotuba yake yote. Mahari ililetwa mbele na kuwekwa chini ya turubai.

Upande wa bibi harusi ulisimamiwa na Projest, baba yake mdogo, kwa kuwa baba mzazi alikuwa amefariki. Kabla ya kupokea chochote, Projest alimwita Sperancia, kama ilivyo kwa kila binti katika siku yake, amuulize swali ambalo mabinti wote hulijibu kwa ndiyo na kuketi.

"Binti yangu, wageni hawa unawafahamu?"

Sperancia alisimama, akatazama safu nzima ya viti, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Baba mdogo, wengi nawaona leo kwa mara ya kwanza, siwezi kuwasemea. Yule wa shati la kijani ndiye nimemhakiki."

Kicheko kilianzia kwa akina mama na kuenea mpaka kwenye magari. Projest alingoja kitulie.

"Hukumkuta na makosa?"

"Nimeyakuta. Ameyaandika mwenyewe, akatia sahihi. Na yeye yangu anayajua."

"Sasa hivi vitu tuvirudishe Muleba, au tuvipokee?"

Nyuma ya pazia la mlango mama Adelgunda alikuwa ameshakunja mikono ya gauni lake, tayari kubeba.

"Vipokeeni," Sperancia alisema, na kabla hajaketi vigelegele vilikuwa vimeshaanza.